Koti la Safari ya Ng'ambo

Jumatano, 5 Machi

Kwa dada yangu, dobi mkuu wa mtaa,

Kwanza punguza hasira. Najua umeninunia tangu safari ya ng'ambo ilipokufa. Ulishawatangazia wateja wako wote kwamba mdogo wako anapanda ndege kwenda kupigana kwenye ukumbi wa viti elfu saba, sasa unawatazamaje? Waambie hivi: karatasi za afya zilichelewa kuwafikia waandaaji, wakampa mtu mwingine nafasi, yakaisha. Ofisi ni ofisi.

Mimi na Kocha tumekataa kukaa nyumbani tukihesabu mabati. Ndege imetukataa, gari halijatukataa. Tuko barabarani na lile gari lake lenye mlango uliofungwa kwa kamba. Miji mitatu, Jumamosi tatu, mapambano matatu, na mji wa mwisho uko upande wa pili wa mpaka. Huku hakuna anayeuliza karatasi. Unapima uzito, unavua shati, unapigana.

Simu usipige. Kocha amezifungia kwenye sanduku la spana, ya kwake na yangu. Anasema kambi ni kambi hata ikiwa na magurudumu manne. Barua ameziruhusu, kwa sababu barua haimwamshi mtu aliyelala. Yako ipeleke ofisi ya mabasi asubuhi, andika "Pasi, bondia" juu ya bahasha, nitaikuta mji unaofuata.

Koti la bluu nililonunua kwa ajili ya ndege nimeliacha kwenye kiti chako. Lifue, ulitundike. Litapata safari yake siku nyingine.

Mdogo wako,
Pasi


Ijumaa, 7 Machi

Kwa Pasi niliyoiwasha mwenyewe,

Mimi mzima. Mashaka yangu yote yako kwenye uso wako, na ukirudi nao umevimba nitakumalizia mimi.

Wateja nimewajibu. Yule mwalimu wa mashati meupe aliniuliza kwa kebehi kama siku hizi ng'ambo panafikika kwa gari la mlango wa kamba. Mashati yake sita nimemrudishia bila wanga. Kola zimelala kama masikio ya mbuzi, aende nazo darasani.

Koti nimelifua. Kwenye mfuko wa ndani nimekuta karatasi iliyokunjwa mara nne, ina muhuri. Sijaifungua, na wewe unajua kwa nini. Ulikuwa mdogo, labda umesahau mkono wa mama ulivyopinda. Alikuta barua ya kimapenzi kwenye suruali ya mteja, akaisoma, akampelekea mke wa yule mtu. Kesho yake mwanamume alikuja hapa dukani, akaushika mkono wa mama, akaubana juu ya meza kwa pasi ya mkaa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Harufu ile haijatoka humu ndani mpaka leo, sabuni au bila sabuni. Tangu siku hiyo kilichomo mfukoni hatukisomi na hatukitupi. Tunakifunga, tunaandika jina la mwenye nguo, kinamngoja aje mwenyewe. Karatasi yako nimeitia bahasha, iko kwenye kopo la biskuti pamoja na pete moja, funguo nne na meno ya bandia ya mzee mmoja ambaye sijui anatafuna kwa kitu gani. Nikutumie?

Lingine. Siku ile mnaondoka ulimimina chai pembeni ya kikombe, ukasema ni usingizi. Halafu ukajigonga bega kwenye mlango huu unaoupita tangu utambae. Bega la kushoto. Unalala vizuri wewe?

Dada yako,
Dobi


Jumapili, 9 Machi

Dada,

Nimeshinda! Raundi ya nne, nokauti.

Ulingo walikuwa wameufunga kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, jua la saa tisa linatuunguza wote, watu wamekaa juu ya vizuizi vya mifugo. Mpinzani wangu anapasua mawe machimboni. Mabega yake ukiyaona utadhani amevaa godoro. Raundi ya kwanza tulisalimiana tu. Raundi ya pili akaniachia ngumi ya kulia, sikuiona inatoka wapi, nikasikia taya limehama. Goti likagusa turubai. Nikatema jino pamoja na damu, nikalitazama pale chini, nikasema hili nitalilipizia. Alinipiga nyingine ileile, na nyingine ileile. Sikio la kushoto lilikuwa linalia kama birika. Raundi ya nne nikamwingia tumboni, nikamchapa kwenye ini, akajikunja kama shuka unalolitoa majini. Alitapika pale pale. Watu wakarusha kofia.

Kocha alinishona juu ya jicho mwenyewe, nyuzi tano, ndani ya gari. Usiogope, mkono wake ni mwepesi.

Ile karatasi ni fomu ya zamani, haina kazi yoyote. Ichome kwenye jiko la pasi.

Wako,
Pasi


Jumatano, 12 Machi

Pasi,

Sichomi. Mwenyewe akitaka kuichoma aje aichome hapa mbele yangu. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, sitaivunja sheria ya mama kwa sababu mdogo wangu mvivu wa kuhifadhi fomu zake.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye jino nakaa chini. Ngumi tatu, zote za kulia, zote hukuziona? Wewe uliyekuwa unakamata nzi kwa vidole? Kocha wako kazi yake ni nini, kuendesha gari?

Nisikilize. Mama alipokufa aliniachia duka hili, pasi tatu, na wewe mwenye miaka saba. Duka likiungua nitafungua jingine. Wewe sina wa kuweka mahali pako. Tangu uanze mchezo huu sijawahi kukaa ukumbini, kwa sababu najua ningepanda ulingoni na ndoo ya maji ya moto. Kwa hiyo kama lazima upigane, pigana hivi: ukimpata mtu, usimwachie. Usimpe nafasi ya kuvuta pumzi mpaka alale chini kabisa. Bora mama yake alie kuliko mimi nilie. Ni neno baya, najua. Ndivyo ninavyokupenda.

Dada yako,
Dobi


Jumatatu, 17 Machi

Dada,

Nimefuata ushauri wako na umefanya kazi kuliko ulivyodhani.

Huyu wa pili ni dereva wa greda, mrefu, mikono mpaka magotini. Dakika mbili za kwanza alinifanya ngoma. Pua ilivunjika, niliusikia mfupa ukilia ndani ya kichwa changu. Damu ilikuwa nyingi mpaka mwamuzi akawa anateleza. Basi nikaacha kumtafuta kwa macho. Niliinamisha kichwa, nikamkimbilia, nikabandika paji langu kifuani kwake, na nilipomgusa sikumwacha tena. Yeye akirudi nyuma, mimi niko naye. Akisogea, nasikia kwa kichwa anakosogea. Kushoto, kulia, mbavu, mbavu, kidevu. Mtu ukimgusa huna haja ya kumwona, mradi usiondoe mikono kwake hata kidogo, maana ukimpoteza basi kumpata tena ni kazi. Nilimvunja mbavu mbili. Alipoanguka nilikuwa bado natupa ngumi, nikapiga hewa mara mbili au tatu, watu wakacheka.

Kocha amefurahi sana. Anasema nimegundua mtindo. Aliniuliza tu kwa nini nikiwa garini nageuza shingo nzima kutazama kioo cha pembeni. Nikamwambia shingo imekaza.

Leo tumevuka mpaka. Askari alinigongea muhuri bila hata kunitazama. Nchi hii barabara yake ni nyekundu na milima iko karibu, ungependa. Nikishinda hapa tunarudi nyumbani, na nakuahidi nitapumzika muda mrefu. Labda moja kwa moja. Usiniulize zaidi.

Wako,
Pasi


Ijumaa, 21 Machi

Dada,

Kifupi tu, basi linaondoka.

Tumepima uzito. Mpinzani wa kesho ni mwoka mikate. Amekuja kwenye mizani na unga kwenye nyusi, na mkate chini ya kwapa, akanipa mimi! Mbele ya watu wote. Akasema, "Kula, ndugu yangu, nisije nikaambiwa nimempiga mtu mwenye njaa." Nikamjibu nitaula nusu leo, nusu nitamlisha kesho akiamka. Tulicheka mpaka Kocha akatutenganisha. Mkewe alikuwa pale, mwanamke mfupi mwenye aproni, hakucheka. Aliniambia, "Wewe umeshapigwa vya kutosha, rudi kwenu." Mkate ni mtamu kweli. Nimeumaliza wote.

Pasi


Jumapili, 23 Machi

Kwa Dada Dobi,

Mimi Kocha. Sina mazoea ya kuandika, utanivumilia. Ningepiga simu, lakini habari hii afadhali uisome ukiwa umekaa.

Mdogo wako yu hai. Hilo lijue kwanza. Yuko kituo cha polisi. Mwoka mikate amekufa leo alfajiri, hospitali, hakuzinduka.

Nakueleza nilivyoona kwa sababu huku kila mtu anaeleza lake. Ilikuwa ukumbi wa shule, saa kumi jioni, madirisha wazi. Raundi ya tano. Mtu wetu alikuwa amepigwa vibaya, upande wa kushoto wote umevimba. Akamwingia yule bwana kwa ule mtindo wake wa kichwa kifuani, akambana kwenye kamba. Ngumi zilikuwa zinaingia zote. Nilimwona mwoka mikate macho yake yanageuka, mikono imeshuka, kilichomsimamisha ni kamba na ngumi zenyewe. Kona yao wakarusha taulo, yaani wamekubali kushindwa, pambano lisimame. Dada, lile taulo ni jeupe. Lilipita karibu na sikio lake la kushoto likaangukia kwenye mguu wake wa kushoto. Ukumbi mzima uliliona. Mwamuzi naye akaja kwa upande huohuo, ananyoosha mkono kati yao, mtu wetu akampiga kiwiko cha mdomo akamlaza. Watu wanapiga kelele acha, acha. Mimi mwenyewe nilikuwa naita. Akapiga nyingine. Nilihesabu saba baada ya taulo. Ya mwisho ilimkuta anashuka, kichwa kikagonga chuma cha kona. Sauti ile siwezi kukuandikia.

Mke wa marehemu alipanda ulingoni bila viatu. Mtu wetu alikuwa bado ameinua ngumi, anageuka geuka anamtafuta mwenzake, na mwenzake yuko miguuni pake. Alipomwona alipiga magoti akaanza kumfuta uso kwa glavu.

Polisi wanasema aliliona taulo na akaendelea kwa makusudi. Mke anasema hivyohivyo. Mji mzima unasema hivyo, jana walivunja vioo vya gari langu. Mimi nimemlea ulingoni miaka tisa, hajawahi kumpiga mtu aliyerushiwa taulo. Nimemuuliza, amegeukia ukutani.

Nakuuliza wewe uliyemlea nyumbani. Kuna kitu unakijua?

Kocha


Jumatatu, 24 Machi

Dada,

Askari mmoja amenipa kalamu.

Bila shaka Kocha ameshakwambia. Sina la kuongeza. Nimemuua mtu aliyenipa mkate. Mikono yangu imevimba, haiingii kwenye mikono ya shati, na kila nikifumba macho nakihisi kifua chake kwenye paji langu, kilikuwa kimelowa, kilikuwa na harufu ya hamira.

Nakuomba kitu kimoja, na sitakuomba kingine maisha yangu yote. Ichome ile karatasi. Usiisome, ichome tu. Watu hufa ulingoni, dada, sheria inalijua hilo. Nitasema nilipandwa na hasira, nitasema sikusikia. Nitafungwa miaka michache nitoke. Lakini karatasi ile ikionekana, basi hata wewe hutaweza kunitazama. Ukiuliza ni nini, nitakudanganya tena, na nimechoka kukudanganya.

Kama kweli unanipenda kama ulivyoandika.

Pasi


Jumapili, 30 Machi

Mdogo wangu,

Niko mji huuhuu uliko wewe. Nimekuja kwa basi, siku mbili, barabara ileile mliyopita. Uwanja wa mnada nimeuona, na mpaka, na milima yako. Nimefika mlango wa kituo mara mbili nikarudi. Kwa hiyo naandika, askari atakuletea.

Barua ya Kocha na yako zilinifikia kwa basi moja. Nililichukua kopo la biskuti, nikawasha jiko la pasi. Nilifika hapo, usidhani sikufika. Bahasha nilikuwa nimeishika juu ya mkaa, ukingo umeanza kubadilika rangi. Kisha nikaichana kwa meno.

Tarehe 11 Februari. Daktari wa macho. Utando wa nyuma ya jicho la kushoto umeachia, jicho halioni, na la kulia limeanza kuathirika. Mgonjwa ameelezwa na amekiri kuelewa. Haruhusiwi kupigana tena, popote, kwa hali yoyote. Jibu hili alipeleke kwa waandaaji bila kuchelewa, na juu limeandikwa "haraka". Na chini kuna sahihi yako. Ile ya kuchora, uliyojifunzia kwenye ukuta wangu wa stoo ukiwa na miaka kumi.

Hazikuchelewa karatasi, Pasi. Ulizikalia. Ukaona afadhali safari ife kuliko mtu ajue, halafu ukaingia barabarani kutafuta miji isiyouliza. Nilipasua sahani zote za kabati nikikutukana. Sahani ya mwisho nikajitukana mimi. Mpaka siku ya pambano la mwisho karatasi ilikuwa imekaa dukani kwangu siku kumi na saba, hatua tatu kutoka meza yangu ya chakula. Ningeisoma ile Ijumaa, Jumamosi asubuhi ningekuwa nimesimama kwenye mnada wa ng'ombe na ndoo yangu. Sikuisoma kwa sababu mimi ni dobi mwaminifu. Na badala ya kuisoma, nikakuandikia usimwachie.

Juzi nilikwenda kwenye duka la mikate. Mke wake yupo anauza, afanyeje, watu wanakula. Nikamwambia mimi ni dada yake. Alitoka nyuma ya kaunta, akanipiga kofi. Akanipiga la pili, akanipiga kwa lile koleo refu la mbao la kutolea mikate, begani na mgongoni, mpaka lilipovunjika mpini. Niliacha mikono chini. Nyuma yake, juu ya gunia la unga, alikuwa amekaa bibi mmoja mwembamba analia bila sauti, na sikuhitaji kuambiwa kuwa ni mama wa marehemu. Niliandika neno lile kwa mkono wangu, kwamba bora yeye alie. Nimemwona sasa. Si bora.

Alipochoka nikampa karatasi.

Aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, yule bibi akisikia. Akaniuliza, "Kwa hiyo taulo hakuliona?"

Nikasema, "Hakuliona."

"Na alijua kuwa haoni?"

"Alijua."

Alirudi kuisoma ile tarehe. Akasema mume wake usiku ule wa kupima uzito alimwambia, "Yule bwana ni mtu mzuri, nimempenda." Wiki nzima alikuwa anajiuliza mtu mzuri gani anapiga ngumi saba juu ya taulo. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa mbele wa aproni yake. Atampa mwendesha mashtaka mwenyewe, kesho asubuhi.

Umesema nikiisoma sitaweza kukutazama. Nitakutazama. Alhamisi utasimama mbele ya hakimu na mimi nitakaa benchi la kwanza, upande wako wa kulia, ili unione. Utasema ulilolifanya, lote, kuanzia kwa daktari. Kisha utakwenda watakakokupeleka, na mimi nitakufulia nguo huko mpaka nizeeke. Nimekasirika mpaka meno yanauma, na sijakuacha.

Ile sheria ya mama niliielewa vibaya. Kitu cha mfukoni kinamngoja mwenyewe, na mimi nilidhani mwenyewe ni wewe.

Pamoja na barua hii askari atakupa koti la bluu. Lina wanga kidogo kwenye kola, kifungo kilicholegea nimekikaza. Livae Alhamisi. Mifuko yote nimeikagua, haina kitu.

Dada yako